Kupima printa ya wino na kuitengenezea profaili ya picha nyeusi na nyeupe: mwongozo kamili kutoka studio ya Mtwara

Picha iliyonifundisha kazi hii ilikuwa ya kinyago. Mzee mmoja mchongaji alileta studio ujamaa wake wa mpingo, ule mtindo wa Wamakonde wa watu waliobebana na kushikana kutoka shina hadi kilele, akataka picha nyeusi na nyeupe ya kumpelekea mwanawe Dar. Nikapiga, nikasahihisha, na kwenye skrini kila uso ukaonekana mpaka mikunjo ya vidole. Nikachapa A3. Mzee akaishika kwa ncha za vidole, akaielekeza mlangoni penye mwanga, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, hiki ni kivuli cha kinyago. Chenyewe kiko wapi?"

Nyuso tano za chini zilikuwa zimemezwa na weusi. Na huo weusi wenyewe, ukiutazama kwa upande, ulikuwa na ukijani wa maji ya dimbwi. Nikailaumu printa siku mbili tatu. Kumbe printa ilikuwa inafanya ilivyozoea. Mimi ndiye sikuwa nimewahi kuipima.

Ninayoeleza hapa ni njia ninayoifuata tangu siku ile. Unaweza kuifanya kwa kifaa cha bei kubwa au kwa skana ya mezani tu. Hatua ni zilezile, kinachotofautiana ni uhakika wa namba.

Profaili inafanya nini

Kila karatasi ina weupe wake wa mwisho, ambao ni karatasi yenyewe, na weusi wake wa mwisho, ambao ni wino mwingi kuliko wote inaoweza kuubeba. Vijivu vyote vya picha yako vinakaa kati ya ncha hizo mbili. Profaili ni rekodi ya vipimo inayorekebisha picha kabla haijafika kwenye karatasi. Haiongezi weusi. Inagawa weusi uliopo ili ngazi zishuke sawasawa, zisijazane sehemu moja na kuacha pengo kwingine.

Kipimo tunachotumia ni L*: 0 ni giza tupu, 100 ni weupe kamili. Karatasi nzuri ya picha husoma kati ya 95 na 98. Weusi wa karatasi ya mati, ile isiyong'aa, huishia kama 15 hadi 18. Karatasi zinazong'aa, yaani glosi na baryta, hushuka hadi 5 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia profaili itakayofanya mati iwe na weusi wa glosi, mkaribishe chai, hela baki nayo.

Jua wino ulio ndani ya printa yako

Printa nyingi za studio zetu za Mtwara na Lindi ni za tangi: Epson L805, L1800 na ndugu zake. Hizo zina rangi sita za wino wa dai, yaani rangi iliyoyeyuka kwenye maji: nyeusi, samawati, majenta, njano, na mbili nyepesi, samawati hafifu na majenta hafifu. Nyeusi ni moja tu. Ukichapa kijivu, printa inachanganya rangi ili kupata kijivu, na mchanganyiko ukikosea kidogo unapata ukijani au uwaridi. Tena kijivu kilichotoka kwenye rangi hubadilika ukitoka juani na kuingia chini ya taa: barazani ni safi, sebuleni kina uzambarau.

Kundi la pili ni printa zenye nyeusi tatu za pigmenti, yaani wino wa chembe ndogo zisizoyeyuka: nyeusi kamili, nyeusi hafifu na nyeusi hafifu zaidi. Epson ilianza na wino wa namna hiyo mwaka 2005 kwenye R2400, na leo wamo akina SureColor P600, P700 na P900. Hizi zina hali maalumu ya nyeusi na nyeupe inayoitwa Advanced Black and White, ambayo hujenga kijivu kwa nyeusi zenyewe na kuongeza rangi kidogo sana kurekebisha ujoto au ubaridi. Canon nao wana hali yao ya namna hiyo kwenye printa zao kubwa.

Kama unazo nyeusi tatu, kazi yako ni nyepesi kuliko yangu ilivyokuwa. Mimi nilianza na L1800, na sehemu kubwa ya mwongozo huu nimeiandika nikimfikiria mwenye printa ya tangi.

Kwanza tuliza mambo

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, na si kwa sababu ya kompyuta. Profaili ni picha ya hali moja: printa hii, wino huu, karatasi hii, mpangilio huu wa draiva, ile programu inayoiendesha printa. Kimoja kikibadilika, umepiga picha ya mtu aliyeshaondoka.

Anza na wino. Niliwahi kununua chupa za kujazia kutoka duka moja la Kariakoo, lebo ileile, rangi ya boksi ileile. Zilipoisha nikaagiza nyingine palepale. Zikafika kwa basi, nikajaza, na picha zote zikageuka kuwa na wekundu kwenye vivuli. Ndani ya chupa kulikuwa na kitu kingine kabisa. Siku hizi nanunua wino wa kampuni yenyewe, na nanunua wa kutosha miezi sita kwa mpigo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga, waliokuwa na akiba waliendelea kuchapa na sisi wengine tukawa tunaangaliana.

Halafu karatasi. Huku pwani unyevu hauchezi, hasa Januari mpaka Machi mvua zikishika. Karatasi iliyoachwa wazi usiku kucha karibu na dirisha la kuelekea Shangani asubuhi imejikunja kama jani la mgomba, na wino ukiidondokea unasambaa kuliko kawaida. Ngazi za vivuli ndizo zinazofungana kwanza. Mimi naacha karatasi kwenye mfuko wake wa nailoni, naweka ndani vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na vyote vinaingia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Natoa karatasi ninazochapa siku hiyo tu. Kama studio ina kiyoyozi, kiwashe saa moja kabla, na siku ya kupima kiwe kama siku ya kuchapa kazi za wateja. Ukipima kwenye ubaridi na kuchapa kwenye joto, umepima printa nyingine.

Umeme nao. Ukikatika katikati ya kuchapa, hedi, kichwa kinachorusha wino, inabaki wazi pale ilipo, haijarudi kwenye kifuniko chake, na wino unakauka kwenye nozeli, vile vitundu vya kutolea wino. UPS ndogo inatosha kumalizia ukurasa na kuizima printa kwa kitufe chake. Kitufe cha ukutani usikiguse kabla printa haijalala.

Baada ya hayo chapa ukurasa wa kukagua nozeli. Mstari mmoja ukikatika, safisha, subiri, chapa tena. Usipime printa yenye nozeli iliyoziba hata moja, kwa sababu profaili itaukariri ule ugonjwa na kukurudishia kila siku, hata baada ya nozeli kupona.

Tafuta weusi wa mwisho

Draiva inakuuliza aina ya karatasi. Watu wanadhani ni swali la adabu tu, kumbe jibu lako ndilo linaloamua kiasi cha wino kitakachomwagwa. Kwa karatasi isiyo ya kampuni ya printa, jibu halijulikani mpaka ujaribu.

Tengeneza faili lenye viraka vitano vikubwa: weusi wa asilimia 80, 85, 90, 95 na 100. Lichape kwa kila aina ya karatasi iliyomo kwenye orodha ya draiva inayokaribiana na yako, ukiandika kwa penseli nyuma ya kila karatasi umechagua nini. Acha zikauke. Kisha zipange mezani na utazame mambo mawili. La kwanza, ni ipi yenye kiraka cha 100 cheusi kuliko zote. La pili, je, 95 na 100 bado zinatofautiana? Ukiona 100 haizidi 95, au inaanza kurudi kuwa nyepesi na kung'aa vibaya kama lami mbichi, wino umezidi. Shuka kwenye aina inayomwaga kidogo.

Kwenye glosi moja ya gramu 230 ninayoipata hapa mjini, chaguo linaloitwa kwa jina la glosi lilimwaga wino hadi ukatengeneza visima vidogo. Nilipochagua aina ya nusu-mng'ao, weusi ukawa uleule na ngazi zikaachana. Sikulijua hilo kwa kusoma popote, nililijua kwa kuharibu karatasi sita.

Ukishachagua, andika kila kitu kwenye daftari: aina ya karatasi kwenye draiva, ubora wa kuchapa, kasi, kama hedi inachapa ikienda na kurudi au upande mmoja. Kuanzia sasa hayo hayaguswi.

Ukanda wa ngazi 21

Fungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, tengeneza faili la kijivu lisilo na rangi, na uchore mraba 21 wa sentimita moja na nusu hivi. Mraba wa kwanza ni karatasi tupu, wa mwisho ni weusi kamili, na kila mmoja unazidi mwenzake kwa asilimia 5. Namba za kujaza, kutoka nyeupe kwenda nyeusi, ni hizi: 255, 242, 230, 217, 204, 191, 179, 166, 153, 140, 128, 115, 102, 89, 77, 64, 51, 38, 26, 13, 0. Usizipange kwa mfululizo kama ngazi ya nyumba. Zichanganye kidogo, ili kasoro ya upande mmoja wa karatasi isikudanganye kwamba ni kasoro ya ngazi. Chapa pembeni namba ya kila mraba, usije ukasahau.

Sasa kuchapa. Faili hili lazima lifike kwenye printa bila kuguswa na usimamizi wowote wa rangi. Zima marekebisho ya rangi kwenye draiva, na kwenye programu usichague profaili yoyote. Kama unatumia hali maalumu ya nyeusi na nyeupe ya Epson, chapa ukanda kupitia hali hiyohiyo, kwa toni (ujoto au ubaridi) uliyoichagua na kiwango cha giza ulichokichagua. Jambo la kushika ni moja: njia iliyopita ukanda ndiyo watakayopita wateja wako wote. Programu ileile, draiva ileile, vitufe vilevile. Nimeona mtu akipima kwa programu moja na kuchapa kwa nyingine, halafu anasema profaili ni uongo.

Subira inaanza hapa. Wino wa pigmenti ukikaa saa moja unaweza kupimwa, ingawa mimi huulaza usiku. Wino wa dai unahitaji saa 24, na kwa unyevu wetu naupa mpaka siku mbili, ukiwa mahali pasipo na jua wala feni ya moja kwa moja. Ukiupima ukiwa mbichi utasoma weusi ambao kesho haupo.

Kupima

Mwenye spektrofotomita, kifaa cha kupimia rangi kama i1Pro au ColorMunki, anaweka kifaa juu ya kila mraba na kuandika L*. Weka karatasi nyeupe mbili tatu chini ya unayoipima ili rangi ya meza isipenye. Pima kila mraba mara tatu, chukua wastani. Karatasi nyingi za bei nafuu zina kemikali ya kung'arisha inayowaka samawati kwenye mwanga wa jua. Vifaa vipya hukuruhusu kuchagua namna ya kupima, M0, M1 au M2, na M2 ndiyo inayoondoa mionzi hiyo. Kwa ngazi za nyeusi na nyeupe tofauti ni ndogo. Chagua moja usihame.

Asiye nacho, na ndio wengi wetu, anatumia skana ya mezani pamoja na kadi yenye vijivu vinavyojulikana. Kadi ya Kodak Q-13 ina viraka 20 vinavyoongezeka densiti, yaani kipimo cha uzito wa weusi, kwa 0.10 kila hatua. Densiti inageuzwa kuwa L* kwa hesabu ya shule: mwanga unaorudi ni 10 kwa kipeo hasi cha densiti, chukua kipeuo cha tatu chake, zidisha kwa 116, toa 16. (Kwenye weusi mzito kupita 2.05 hesabu hubadilika, lakini kadi haifiki huko.) Nimekufanyia chache: densiti 0.05 ni L* 95.6, densiti 0.65 ni 54.4, densiti 1.25 ni 28.4, densiti 1.55 ni 19.3.

Kwenye skana zima kila kinachojifanya kina akili: kurekebisha mwanga chenyewe, kuchonga ukali, kufuta vumbi. Safisha kioo, kwa sababu hewa ya chumvi inaacha utando ambao huuoni mpaka uupitishie kitambaa. Weka kadi na ukanda wako pamoja, mskano mmoja, katikati ya kioo. Kisha kwenye GIMP chagua katikati ya kila mraba, fungua histogramu, andika wastani wa namba. Sasa una namba za skana za viraka vya Kodak ambavyo L* yake unaijua, na namba za skana za mraba zako ambazo L* yake unaitafuta. Chora kwenye karatasi ya grafu, au kwenye jedwali la kompyuta, na usome.

Skana haina macho ya binadamu. Inaona wino wa dai tofauti na rangi ya kadi, na kwenye weusi mzito inachoka. Namba zake zinatosha kunyoosha ngazi. Kwa kuhukumu ukijani au uwaridi hazifai.

Kunyoosha ngazi kwa mkono

Tuseme karatasi yako imesoma 96 na weusi wako 16. Tofauti ni 80. Hatua ziko 20, kwa hiyo kila hatua ingetakiwa kushuka L* 4 kamili. Asilimia 50 ingesoma 56. Asilimia 80 ingesoma 32.

Lakini ukanda wako, tuseme, unasoma hivi: 40% ni 57.0, 45% ni 51.8, 50% ni 47. Umeona? Katikati kuna giza zaidi ya linalotakiwa kwa L* 9. Hapo ndipo nyuso za kinyago changu zilipozamia. Unajiuliza: ile 56 ninayoitaka, printa inaitoa wapi? Iko kati ya 40% na 45%, karibu zaidi na 40%. Tofauti ya 57.0 na 51.8 ni 5.2, kutoka 57.0 kushuka hadi 56 ni 1.0, moja kwa tano nukta mbili ya hatua ya asilimia 5 ni kama asilimia 1. Kwa hiyo printa inatoa 56 ukiipa 41%.

Basi kwenye mkunjo wa GIMP, ile zana iitwayo Curves, unaweka nukta: anayeingia ni 50%, yaani 128, anayetoka ni 41% ya weusi, yaani 59% ya weupe, yaani 150. Ingiza 128, toa 150.

Vivuli vivyo hivyo. Unataka 32 kwenye 80%. Ukanda unasema 65% ni 33.4 na 70% ni 29.8. Hesabu inakupa 67%. Ingiza 51, toa 84. Fanya hivyo kwa ngazi zote, au angalau kila ya pili, na kwenye vivuli kuanzia 75% usiruke hata moja. Hifadhi mkunjo kwa jina linaloeleweka: printa, karatasi, wino, mwezi.

Mkunjo mkali kwenye faili la biti 8 unaleta mistari kwenye anga na kwenye kuta zilizopakwa chokaa. Fanyia kazi faili la biti 16, lenye ngazi nyingi zaidi, uweke mkunjo mwisho kabisa, kwenye nakala ya kuchapa, kamwe usiuhifadhi ndani ya picha yenyewe.

Sasa chapa ukanda tena, ukiupitishia mkunjo huo, uukaushe, uupime. Mara ya kwanza utakuwa umekaribia. Rekebisha, rudia. Ngazi zote zikiwa ndani ya L* 1 ya pale zinapotakiwa, mimi naacha. Kuna watu hukimbiza nusu. Hao wana karatasi nyingi kuliko mimi.

Wenye nyeusi tatu: QuadTone RIP

QuadTone RIP, kazi ya Roy Harrington, ni programu ya bei ndogo inayoweka pembeni draiva ya Epson na kukupa usukani wa kila wino peke yake. Hatua zake zinafanana na tulizopitia, ila zinafanyika ndani zaidi. Unachapa kwanza ukurasa wa kupima kila wino kutoka 0 hadi 100, unatafuta pale nyeusi inapoacha kuongezeka, na hapo unaweka kikomo. Halafu unaieleza programu nyeusi hafifu ina nguvu kiasi gani ukilinganisha na nyeusi kamili. Inazigawia kazi: hafifu zaidi inachukua mawingu na shuka nyeupe, hafifu inachukua katikati, kamili inashika vivuli. Vidoti kwenye anga vinapotea.

Kisha unachapa ukanda wa 21, unaziandika L* zako 21 kwenye mstari wa kunyoosha, na programu inafanya hesabu zote nilizokufanyisha hapo juu. Baada ya kuchapa na kupima tena, kipande kiitwacho QTR-Create-ICC kinageuza vipimo hivyo kuwa profaili ya kijivu unayoweza kuitumia kuonea kwenye skrini picha itakavyotoka.

Kumbuka nyeusi ya mati na nyeusi ya glosi ni wino mbili tofauti. P600 inazipitisha njia moja, na kila ukibadilisha inamwaga wino kusafisha. Kusanya kazi za mati zote, chapa siku moja. P700 na P900 hazina shida hiyo.

Wenye tangi la rangi: ukijani unaondolewaje

Mkunjo wa mkono unanyoosha giza na mwanga tu. Kama kijivu chako kina rangi, unahitaji profaili kamili ya rangi, na hapo skana haitoshi. Azima spektrofotomita, au changeni watu watatu wa studio mnunue moja. ArgyllCMS, kazi ya Graeme Gill, ni ya bure na inaendeshwa kwa kuandika amri.

Ujanja kwa sisi wa nyeusi na nyeupe ni kuongeza viraka vya kijivu kupita kawaida. Naandika `targen -v -d2 -G -e4 -B4 -g64 -f500 mtwara`, ambapo 64 ni ngazi za kijivu na 500 ni viraka vyote. Kisha `printtarg -v -iCM -t300 -pA4 mtwara` kwa ColorMunki, au `-ii1` badala ya `-iCM` kwa i1Pro. Nachapa kurasa zinazotoka bila usimamizi wa rangi, nazikausha siku mbili, nazisoma kwa `chartread -v mtwara`, na kumalizia na `colprof -v -qm -S sRGB.icm -cmt -dpp mtwara`. Faili linalotoka ndilo profaili. Picha ya kijivu unaigeuza kuwa RGB, yaani faili la rangi, unaichapa kwa profaili hiyo, na draiva umeizima marekebisho kama siku ya kupima.

Inafanya kazi, lakini usitarajie miujiza ya kudumu. Wino wa dai ukining'inia ukutani bila kioo, hewa ya pwani inaula, na rangi zikififia kwa kasi tofauti kijivu kinarudi kuwa na rangi. Picha za dai naziwekea fremu yenye kioo, na mteja namwambia hivyo kabla hajalipa.

Kukagua kwa macho

Namba zikikaa sawa, chapa picha halisi. Chagua moja yenye matatizo yote: mpingo uliosuguliwa, shati jeupe, ngozi ya mtu kivulini, ukuta wa matumbawe. Magofu ya Kilwa Kisiwani yanafaa sana kwa hilo la mwisho. Jiwe lile lina vijivu ambavyo ukanda hauna. Itazame barazani, kivulini, saa nne asubuhi, halafu chini ya balbu ya sebuleni. Usiitazame chini ya mwanga wa skrini, na skrini yenyewe ishushe mwanga: nyingi zinawaka kiasi kwamba kila picha iliyochapwa itaonekana ya huzuni.

Yule mzee nilimchapia upya bila malipo. Safari hii nyuso zilionekana zote. Akazihesabu kwa kidole, moja baada ya nyingine kutoka chini, akafika kileleni, akaniambia picha ni nzuri ila nimekipiga kinyago upande ambao patasi iliteleza.

Ukanda wa mwisho, ule uliopita mtihani, ukate katikati. Nusu iweke kwenye bahasha gizani, nusu ibandike ndani ya mlango wa kabati la karatasi. Kila chupa mpya ya wino ikiingia, kila boksi jipya la karatasi likifika, chapa ukanda mpya, uulaze, uulinganishe na ule wa kwenye bahasha. Ukiona 90 na 95 zimeanza kushikana, toa daftari.